Kosoa Bila Kufuta: Kihariri cha Ramani Huria na Funzo Lake kwa Huduma za Afya

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa zamu ya usiku katika hospitali ya wilaya, tulipokea simu ya rufaa kutoka zahanati iliyo ng'ambo ya mto. Mama mjamzito alikuwa katika uchungu tangu alfajiri, na mtoto alikuwa hashuki. Gari la wagonjwa liliondoka mara moja. Dereva alikuwa mgeni wilayani, hivyo aliifuata ramani iliyomo katika simu yake, nayo ikamwonyesha njia fupi inayovuka mto kwa daraja dogo. Alipofika hapo alikuta nguzo mbili tu zimesimama majini. Daraja lilikuwa limechukuliwa na mafuriko ya masika. Alirudi nyuma, akazunguka kwa barabara kuu, akachelewa kwa karibu saa nzima. Mama tulimwokoa. Mtoto hatukuweza kumwokoa.

Siku iliyofuata nilizungumza na muuguzi aliyeandika rufaa ile. Hakumlaumu mtu. Alisema: "Daktari, daraja lile limekwenda na maji wiki saba zilizopita, na kijiji kizima tunajua. Kwenye simu hakuna aliyeniuliza habari za njia, nami sikujua kama dereva ni mgeni. Ningemwandikia nani?"

Tangu hapo nimekuwa nikilitafakari swali hilo. Ujuzi uliohitajika usiku ule ulikuwepo, tena ulikuwepo kwa mtumishi wetu wenyewe, lakini hakuwa na mahali pa kuuandika ambapo dereva angeusoma. Somo hili linahusu mahali pa namna hiyo: ramani huria ya dunia inayochorwa na jamii, na hasa chombo cha kuihariri kinachofunguka ndani ya kivinjari cha kawaida cha intaneti. Tutaeleza kwa nini chombo hicho kilijengwa, kinafanyaje kazi ndani yake, na kwa nini kanuni iliyokiongoza ni ileile tunayoifuata katika faili la mgonjwa.

Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza:
1. Kueleza jinsi ramani huria inavyohifadhi taarifa za mahali.
2. Kueleza kazi kuu za kihariri cha ramani na sababu za kila kazi.
3. Kusahihisha au kusaidia kusahihisha taarifa ya eneo lake bila kuhatarisha siri za wagonjwa.

Ramani huria ni nini?

Ramani nyingi tunazozitumia katika simu ni mali ya makampuni. Mtumiaji anaweza kuzitazama na kupeleka pendekezo, lakini data yenyewe hana ruhusa ya kuichukua yote, kuinakili wala kuigawa. Ramani iitwayo OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, ilifuata njia nyingine. Mtu yeyote aliyejiandikisha anaweza kuongeza na kusahihisha taarifa. Tangu Septemba 2012 data zake hutolewa kwa leseni iitwayo ODbL. Leseni hiyo inamruhusu kila mtu kuzitumia bila malipo, mradi ataje chanzo. Na akiigawa hazina ya data aliyoiboresha, sharti aigawe kwa masharti yaleyale.

Taarifa zote za ramani hii hujengwa kwa vitu vitatu. Cha kwanza ni nukta, yaani mahali pamoja penye latitudo na longitudo. Kisima chaweza kuwa nukta. Cha pili ni mstari, yaani orodha ya nukta zilizopangwa kwa mfuatano, isiyozidi nukta 2,000. Barabara ni mstari, na mto vilevile. Mstari unaorudi ulikoanzia huzunguka eneo, kwa mfano jengo la wodi. Cha tatu ni uhusiano, unaokusanya nukta na mistari kuwa kitu kimoja, kama vile njia ya basi au mpaka wa kata.

Vitu hivyo havina maana mpaka vipewe lebo. Lebo ina sehemu mbili: ufunguo na thamani yake. Hospitali, popote ilipo duniani, huandikwa amenity=hospital ili programu zote ziielewe kwa namna moja. Jina lake, hata hivyo, huandikwa kama wenyeji wanavyoliita.

Jambo moja katika mpangilio huu linastahili kuzingatiwa na daktari yeyote. Barabara mbili zinapokutana, mistari yake hutumia nukta moja kwa pamoja. Iwapo mistari itapishana bila kuwa na nukta ya pamoja, jicho litaona njia panda, lakini programu ya kutafuta njia haitaona kitu. Ni kama mishipa miwili ya damu iliyolala moja juu ya nyingine: kwa nje imegusana, ila damu haitoki huku kwenda kule. Kazi kubwa ya kihariri chema ni kumsaidia mchoraji aiunganishe mishipa hiyo kweli.

Ramani katika historia ya tiba

Watumishi wa afya wamekuwa wakitumia ramani tangu kabla ya kompyuta. Mwisho wa Agosti 1854 kipindupindu kililipuka katika mtaa wa Soho, London. Daktari John Snow alichunguza nyumba za waliofariki akaona kwamba nyingi zilikuwa karibu na pampu ya maji ya Broad Street. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu hiyo uliondolewa. Ramani yake maarufu, yenye alama kwa kila kifo, ilichapishwa baadaye kama ushahidi.

Aghalabu hadithi hii husimuliwa kana kwamba ramani ilifanya kazi peke yake. Sivyo. Snow aliuliza kwa nini wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa karibu hawakufa, akajibiwa kuwa walikuwa na kisima chao na walikunywa bia. Aidha, mchungaji wa eneo hilo, Henry Whitehead, ambaye mwanzoni hakuamini hoja ya Snow, alizunguka kwa waumini aliowafahamu kwa majina. Ni yeye aliyegundua kwamba mtoto mchanga wa nyumba namba 40, iliyo karibu kabisa na pampu, aliugua kabla ya wengine, na maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa karibu na kisima. Daktari alileta hoja, naye mwenyeji alileta ujuzi wa mahali. Kila ramani ya afya inawahitaji wote wawili.

Katika zama zetu, tetemeko la Januari 12, 2010 liliiharibu Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, wakati ambapo ramani huria ya mji huo ilikuwa na barabara chache tu. Wachoraji wa kujitolea kutoka nchi nyingi waliichora kwa siku chache wakitumia picha za setilaiti, na waokoaji wakaitumia. Mwaka 2014, ugonjwa wa Ebola ulipozuka Guinea, wachoraji wa namna hiyo waliuchora mji wa Guéckédou ili timu za madaktari ziweze kufuatilia waliokutana na wagonjwa. Novemba mwaka huohuo mashirika ya Msalaba Mwekundu ya Marekani na Uingereza, pamoja na Madaktari Wasio na Mipaka na shirika la HOT, yalianzisha mradi wa Missing Maps, ili maeneo yenye hatari yachorwe kabla maafa hayajafika.

Hapa kwetu, mradi wa Ramani Huria ulianza Dar es Salaam mwaka 2015. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitembea pamoja na wakazi katika kata zinazofurika, wakiandika mitaro, vichochoro na majengo. Agosti ya mwaka huohuo kipindupindu kilizuka jijini humo. Sisemi kwamba mitaro iliyochorwa ilizuia ugonjwa, ramani haitibu. Lakini afisa afya anayejua mtaro unapoanzia na unapoziba ana mahali pa kuanzia kazi.

Kwa nini kihariri kipya kilihitajika?

Ramani inayochorwa na jamii hufika mbali kadiri kalamu yake inavyowafikia watu. Katika miaka ya mwanzo kulikuwa na kalamu kuu mbili. Ya kwanza, JOSM, ni programu yenye uwezo mkubwa inayosakinishwa katika kompyuta. Wataalamu wanaipenda hadi leo, lakini huhitaji mafunzo ya kutosha. Ya pili, Potlatch, iliandikwa na Richard Fairhurst wa Uingereza mwaka 2007 nayo ilifunguka ndani ya kivinjari. Ila ilitegemea kiongezi cha Flash, ambacho baadaye kilianza kuachwa. Kampuni iliyokimiliki ilikoma kabisa kukihudumia mwishoni mwa mwaka 2020.

Mwaka 2012 Fairhurst mwenyewe alianza kuandika kihariri kingine, akakiita iD. Hiki kilitumia JavaScript, lugha ambayo kila kivinjari inaielewa bila kuongezewa chochote. Mwaka huohuo wakfu wa Knight wa Marekani ulitoa dola 575,000 kwa ajili ya kuboresha vyombo vya OpenStreetMap, na wahandisi wa Mapbox, miongoni mwao John Firebaugh na Tom MacWright, wakaichukua kazi hiyo na kuikamilisha. Mei 2013 kihariri kilifunguliwa kwa watumiaji wote. Msimbo wake ni huria; yeyote anaweza kuusoma, kuukosoa na kuuboresha.

Wajenzi hao walikabiliwa na swali ambalo si la kompyuta pekee. Ukimpa kila mtu kalamu, wanaojua mahali watapata nafasi ya kuandika. Lakini wanaokosea nao wataipata. Unawezaje kuwakaribisha wa kwanza bila kuharibiwa na wa pili? Mtu angeweza kujibu kwa kuweka walinzi wengi mlangoni. Wao walichagua kufungua mlango na kuhakikisha kwamba hakuna kosa lisiloweza kurudishwa.

Kihariri kinavyofanya kazi

Kazi ya kwanza: kuleta kipande cha dunia. Data za dunia nzima haziwezi kuingia katika kompyuta ya zahanati. Kihariri huigawa dunia katika miraba midogo na kuomba seva data za miraba inayoonekana tu, tena baada ya mtumiaji kukaribia ardhi vya kutosha. Seva nayo ina kikomo: ombi moja halipati zaidi ya nukta 50,000. Kwa mtumishi anayenunua vifurushi vya intaneti kwa fedha yake, mpangilio huu una maana kubwa. Chini ya data huwekwa picha ya setilaiti au ya droni. Katika kiwango cha 19 cha ukuzaji, kitone kimoja cha ramani huwakilisha takriban sentimita 30 za ardhi karibu na Ikweta, kiasi cha kuonyesha paa la bati na kivuli cha mwembe, pale ambapo picha yenyewe ni nzuri.

Kazi ya pili: kuchora. Wajenzi walitumia maktaba ya msimbo iitwayo D3, iliyoandikwa na Mike Bostock. Maktaba hiyo hufunga kila kipande cha data na umbo lake kwenye kioo, hivi kwamba data ikibadilika umbo nalo hubadilika. Kinachoonekana ndicho kilichoandikwa. Kila mtumishi aliyewahi kukuta rejista inasema vitanda kumi na wodi ina vitanda saba anaelewa faida ya jambo hili.

Kazi ya tatu: kuzungumza lugha ya mtumiaji. Si haki kumtaka muuguzi akariri funguo na thamani za lebo. Kihariri kina violezo vilivyoandaliwa: mtumiaji hutafuta aina ya kitu, kwa mfano kituo cha afya au duka la dawa, kisha hupewa fomu yenye jina, saa za kazi, namba ya simu na mengineyo. Akijaza fomu, lebo hujiandika zenyewe. Anayetaka kuziona lebo zenyewe anaweza kuzifungua, hazikufichwa. Violezo hivyo hutafsiriwa na watu wa kujitolea katika lugha nyingi, na pale tafsiri inapopungua, neno la Kiingereza hujitokeza.

Kazi ya nne: kutunza historia. Huu ndio moyo wa chombo. Njia rahisi ya kuandika programu ni kuibadilisha taarifa palepale ilipo: nukta ilikuwa hapa, sasa iko kule, na ya zamani imepotea. Wajenzi wa iD waliikataa njia hiyo. Katika kihariri hiki taarifa ikishawekwa haibadilishwi. Kila tendo la mtumiaji huzaa nakala mpya ya hali ya ramani, na ile ya zamani hubaki kama ilivyokuwa. Ili kumbukumbu ya kompyuta isijae, nakala mpya hutumia kila kitu ambacho hakikuguswa kutoka nakala ya zamani. Kinachoandikwa upya ni kile tu kilichobadilika. Ni kama kuongeza karatasi moja katika faili badala ya kulinakili faili zima. Matokeo yake ni kwamba kutengua tendo ni kurudi hatua moja nyuma katika mfuatano ambao bado upo wote. Mtumiaji mgeni hupata ujasiri, kwa sababu anajua kwamba mkono ukiteleza hakuna kilichoharibika.

Kazi ya tano: kuhimili kukatika kwa umeme. Mabadiliko ambayo hayajapelekwa hunakiliwa katika hifadhi ya kivinjari chenyewe. Kompyuta ikizimika, mtumiaji anaporudi huulizwa kama anataka kuirejesha kazi yake. Nakala hiyo, hata hivyo, imo katika kompyuta ileile na kivinjari kilekile. Haifuati mtu aendako.

Kazi ya sita: kupeleka, na kukutana na mwingine. Mabadiliko hupelekwa kwa fungu, na kila fungu huwa na jina la akaunti ya aliyepeleka, wakati, na maelezo mafupi ya alichofanya. Tangu Aprili 2009 kila kitu kilichomo katika ramani kina nambari ya toleo. Tuseme muuguzi na mwanafunzi wa chuo wameifungua zahanati ileile ikiwa toleo la 3. Mwanafunzi akatangulia kupeleka. Zahanati ikawa toleo la 4. Muuguzi anapopeleka mabadiliko yanayotaja toleo la 3, seva huyakataa, kwa kuwa yalijengwa juu ya hali iliyokwisha kupitwa. Hapo kihariri huyalinganisha. Kama mmoja alibadilisha jina na mwingine saa za kazi, huyaunganisha. Kama wote walibadilisha jina, humuuliza muuguzi alitunze lake au akubali la mwenzake. Hakuna anayemfuta mwingine bila kujua.

Kazi ya saba: kukagua kabla ya kutoa. Kihariri huonya iwapo barabara inavuka mto bila daraja, iwapo mwisho wa njia uko karibu na barabara nyingine bila kuungana nayo, au iwapo majengo mawili yamepandana. Ukaguzi huu unafanana na wa mfamasia anayesoma cheti kabla ya kutoa dawa. Lakini tukumbuke kwamba mfamasia huona kipimo kisicho cha kawaida. Hawezi kujua kwamba cheti kiliandikwa kwa jina la mgonjwa mwingine. Vivyo hivyo, kihariri huona daraja lililochorwa vibaya. Daraja lililochorwa vizuri ambalo halipo tena, hakiwezi kulijua.

Kanuni ya faili la mgonjwa

Wanafunzi wetu hufundishwa tangu mwaka wa kwanza wa wodini kwamba kosa katika faili halifutwi kwa wino mweupe wala karatasi haichanwi. Hupigwa mstari mmoja ili maandishi ya awali yaendelee kusomeka, kisha huandikwa lililo sahihi, tarehe na saini. Sababu zake ni mbili. Kwanza, matibabu yaliyotolewa jana yalitokana na maandishi ya jana. Tukiyafuta hatutaelewa tulichofanya. Pili, anayejua kwamba kosa lake linaweza kusahihishwa kwa heshima huandika ukweli; anayeogopa kosa huacha nafasi wazi.

Kihariri cha ramani kimejengwa juu ya kanuni hiyohiyo. Toleo jipya huja juu ya la zamani, mwandishi hutajwa, na sababu huandikwa. Nililazimika kulijua hili kwa mfano halisi. Mwaka uliofuata tukio nililolisimulia, muuguzi yule alifika hospitalini kwa semina. Tulikaa naye mbele ya kompyuta ya ofisi ya takwimu, tukafungua ramani huria. Daraja lilikuwamo, kama lilivyokuwa katika ramani ya dereva.

Alitaka kuifuta barabara yote. Nilimwomba asubiri, kwa maana barabara yenyewe ipo pande zote mbili za mto na watu wanaitumia. Tulifanya hivi: tuliukata mstari wa barabara kwenye kila ukingo, tukapata kipande cha katikati peke yake, tukakiondolea alama ya kupitika. Kisha tukachora kivuko cha miguu kilicho chini kidogo, ambacho mimi sikukijua. Katika maelezo aliandika mwenyewe: "Daraja limechukuliwa na maji. Gari lipite barabara kuu. Nimeona kwa macho yangu." Kazi nzima ilichukua muda usiozidi dakika ishirini. Alipomaliza alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama madereva wetu wataiona. Nikamweleza kwamba wataiona ikiwa tutawawekea programu inayosoma ramani hii, mathalani OsmAnd au Organic Maps, ambazo hufanya kazi hata pasipo intaneti, na ikiwa ramani iliyomo katika simu itasasishwa mara kwa mara. Hilo lilikuwa jukumu letu sisi wa hospitali, si lake.

Baadaye daraja jipya lilijengwa, naye akalirejesha katika ramani. Historia ya kipande kile cha barabara inaonyesha yote: lilipokuwepo, lilipokwenda na liliporudi.

Mipaka na maadili

Kalamu iliyo wazi inahitaji uangalifu, na kwa watumishi wa afya uangalifu huo ni sehemu ya kiapo.

Taarifa za wagonjwa haziandikwi kamwe. Ramani huria husomwa na dunia nzima, na kwa kuwa historia yake haifutiki kwa urahisi, siri iliyoandikwa hata kwa dakika moja inaweza kubaki. Haifai kuandika nyumba ya mwenye kifua kikuu, ya anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, wala ya mama aliyejifungua. Data za ufuatiliaji wa wagonjwa zibaki katika mifumo ya hospitali yenye ulinzi. Ramani huria itumike kama ardhi ambayo juu yake mtaalamu, faraghani, huweka alama zake.

Vituo vinavyohitaji kufichwa vifichwe. Makazi ya wanaokimbia ukatili wa kijinsia, kwa mfano, hayana sababu ya kuonekana. Penye shaka, waulizwe wahusika kwanza.

Usinakili kutoka ramani nyingine. Jina ulilolisoma katika ramani ya kampuni ni mali ya kampuni hiyo. Andika unalolijua, uliloliona, au uliloambiwa na wenyeji.

Picha ya angani ina kikomo chake. Inaonyesha paa, haisemi kama chini yake kuna zahanati, ghala au nyumba iliyohamwa. Mchoraji aliye mbali huchora umbo, na mwenyeji ndiye anayelipa maana.

Tunachoweza kufanya

Mtumishi wa afya anayeanza afungue akaunti, kisha apitie mafunzo yaliyomo ndani ya kihariri. Mafunzo hayo hufanyika katika mji mdogo wa Three Rivers, Michigan, na lolote utakalolichora humo halipelekwi popote. Baada ya hapo aanze na kituo chake mwenyewe: jina, mlango wa kuingilia magari, saa za kazi, chanzo cha maji.

Kituo kisicho na kompyuta kinaweza kuchapisha ramani ya eneo lake na kuibandika ukutani. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii waisahihishe kwa kalamu ya kawaida kila wanaporudi kutoka vijijini, na mwenye kompyuta wilayani aziingize taarifa hizo kila mwezi. Kwa wenye simu janja za Android, programu ya StreetComplete huuliza maswali mafupi kuhusu mahali ulipo, na majibu yake huingia moja kwa moja katika ramani.

Hospitali inayopokea rufaa iongeze swali moja katika fomu yake: njia ya gari iko wazi? Ramani haichukui nafasi ya simu, na simu isipouliza, ramani pekee haitoshi.

Mgonjwa na familia yake nao wana nafasi. Wewe unayetoka nyumbani kwenda kliniki unaijua njia inayojaa maji, kichochoro ambacho pikipiki hupita, na jina ambalo majirani hulitumia. Mwambie mhudumu wako. Ujuzi huo ni sehemu ya historia ya ugonjwa wako kama ulivyo muda homa ilipoanza.

Hitimisho

Wajenzi wa kihariri cha ramani huria hawakuijua zahanati yetu. Hata hivyo, walifanya uamuzi uliomgusa muuguzi wetu: kwamba anayejua mahali apewe kalamu, na kwamba kosa lake, likitokea, liweze kuonekana na kurudishwa bila kumwaibisha. Daraja lililokwenda na maji linajulikana siku ileile na watu wanaoishi kando yake. Jukumu letu ni kufupisha muda kati ya siku hiyo na siku ambayo dereva wa gari la wagonjwa atalijua.

Maswali ya kujipima

1. Taja vitu vitatu vinavyojenga data za ramani huria, na utoe mfano wa kila kimoja kutoka eneo lako.
2. Kwa nini barabara mbili zinazopishana bila nukta ya pamoja zinaweza kumpoteza dereva?
3. Eleza kinachotokea watu wawili wanapohariri kituo kimoja kwa wakati mmoja.
4. Mwenzako anapendekeza kuandika nyumba za wagonjwa wa kifua kikuu katika ramani huria ili kurahisisha ufuatiliaji. Utamshauri nini?
5. Taja jambo moja kuhusu njia ya kufika kituoni kwako ambalo wenyeji wanalijua na mgeni hawezi kulijua. Limeandikwa wapi?